UKAAZI WA KUDUMU HUANZIA KWENYE MEZA YA USAJILI



Kila mara nchi ya tatu inapotajwa kambini, maneno huwa mengi kuliko habari. Wengine husema ukifika Kanada unakaa miaka mitano ukisubiri karatasi. Wengine husema uraia hutolewa pale pale uwanja wa ndege. Wako pia wanaosema ni heri mama aandikwe kwamba hana mume, kwani kesi za namna hiyo huenda upesi. Katika karatasi hii tunaeleza jinsi mkimbizi anayepokelewa na Kanada anavyopata ukaazi wa kudumu. Tumechagua Kanada kwa sababu wengi wenu mna ndugu huko, na kwa sababu sheria yake ina kipengele kimoja ambacho kimetenganisha mume na mke, na mzazi na mtoto, kwa miaka mingi. Kosa linaloleta utengano huo halitendeki Toronto wala Montreal. Hutendeka hapa, siku unapotaja majina ya watu wa nyumba yako.

Tunaomba anayejua kusoma awasomee jirani zake, hasa wazee.

MKAAZI WA KUDUMU NI NANI

Mkaazi wa kudumu si raia, lakini si mgeni wa kupita. Ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi katika jimbo lolote la nchi ile, kusoma, na kutibiwa kama wenyeji wanavyotibiwa. Hapigi kura, hapewi pasipoti ya Kanada, na ziko kazi chache za serikali asizoweza kupewa. Haki yake ya kukaa haina tarehe ya mwisho, mradi ashike masharti ambayo tutayaeleza mbele.

Watu wengi wanaohamia nchi ile hupitia njia ndefu kuifikia hali hii. Mwanafunzi au mfanyakazi wa kigeni kwa kawaida huingia kwa kibali cha muda, kisha huomba ukaazi akiwa ndani, na anaweza kukataliwa. Mtu anayefika mwenyewe mpakani na kuomba hifadhi husikilizwa kwanza. Akikubaliwa ndipo aombe ukaazi, naye husubiri tena.

Mkimbizi anayechukuliwa kambini kwa mpango wa kupelekwa nchi ya tatu hapiti huko. Yeye huwa mkaazi wa kudumu siku ile ile anayoingia Kanada. Ofisa wa uwanja wa ndege hutazama karatasi zake, humwuliza maswali machache, kisha huthibitisha. Kadi yenye picha huja baadaye kwa posta, na kwa kawaida hudumu miaka mitano. Kadi ikipita muda wake, ukaazi wenyewe haufi. Inabidi tu kuomba kadi nyingine.

Yako wapi basi yale maombi marefu ambayo wahamiaji wengine huyafanya? Mnayafanya hapa. Fomu mnazojaza na mahojiano mnayofanyiwa na ofisa wa Kanada ndiyo maombi ya ukaazi wa kudumu yenyewe. Wengi huyachukua kama usaili wa safari, kana kwamba karatasi za maana zitajazwa huko mbele. Hakuna karatasi nyingine ya kurekebisha mambo mbele. Ulichosema hapa ndicho kitakachosomwa miaka kumi baadaye utakapotaka kumwita mkeo.

KESI INAVYOKWENDA

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupendekezwa na UNHCR, na serikali ya Kanada ndiyo inayomtunza mkimbizi baada ya kufika, kwa kawaida mwaka mmoja. Ya pili ni ya wadhamini wa kiraia: kanisa, chama, au kundi la watu wanaoahidi kumtunza mkimbizi kwa mwaka mmoja kwa fedha na msaada wao. Njia hii ilianza mwaka 1979, wakati wa wakimbizi wa Vietnam, Kambodia na Laos. Siku hizi imebanwa. Novemba 2024 Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya makundi ya watu watano na ya vyama vya mitaa, na mashirika makubwa yenye mkataba na serikali hupangiwa idadi kwa mwaka. Basi ndugu yako akikupigia simu kwamba amekutafutia mdhamini, mwulize ni mdhamini wa aina gani, na kama mlango huo uko wazi wakati huo.

Kwa njia ya kwanza hakuna maombi ya kupeleka. UNHCR ndiyo inayoangalia ni nani mwenye hatari au shida kubwa ya ulinzi, kisha humpendekeza. Na uamuzi wa kumpokea ni wa Kanada. Duniani kote wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki mtu mmoja katika kila wakimbizi mia. Tunalisema hili waziwazi ili mtu asiache shamba lake la mboga au masomo ya mtoto kwa kungoja kesi ambayo haijafunguliwa.

Hakuna malipo. UNHCR haiuzi nafasi, na Kanada haitozi ada ya maombi kwa mkimbizi wa mpango huu. Gharama ya safari, ambayo hupangwa na IOM, wengi huipata kama mkopo wa serikali ya Kanada. Mkopo huo huanza kulipwa kidogo kidogo baada ya mwaka mmoja wa kufika, na tangu mwaka 2018 hauna riba. Mtu anayekuomba fedha ili "asukume faili" ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Kuhusu afya, wapo wanaokimbia uchunguzi wa daktari kwa hofu ya virusi vya Ukimwi, kisukari au ulemavu. Sheria ya Kanada haimkatai mkimbizi kwa sababu matibabu yake ni ya gharama kubwa. Kifua kikuu kinachoambukiza hutibiwa kwanza, kisha safari huendelea. Kukimbia uchunguzi ndiko kunakoharibu kesi.

MAJINA YA WATU WA NYUMBANI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Fomu za Kanada zinamtaka mwombaji aandike mke au mume wake na watoto wake wote wanaomtegemea, wawe wanasafiri naye au hawasafiri. Maneno "hawasafiri" ndiyo yanayopotea masikioni mwa watu. Mtoto aliyeko Uvira kwa bibi yake huandikwa. Mume aliyepotea vitani na hajulikani kama yu hai huandikwa, na hali yake huelezwa. Mtoto uliyezaa kabla ya ndoa hii, anayelelewa na mama yake kambi nyingine, huandikwa. Mtoto aliyezaliwa jana huandikwa kesho.

Sababu ni kipengele cha kanuni za uhamiaji za Kanada kilichoanza kutumika mwaka 2002. Kinasema kwamba mtu wa familia ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati mwombaji alipokuwa akiomba ukaazi wa kudumu, hawezi kudhaminiwa baadaye kama mtu wa familia. Haidhuru kwamba ni mke wa ndoa. Haidhuru kwamba ni mtoto wa kumzaa na kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kinathibitisha.

Tuchukue mfano. Baba mmoja amekuja kambini na watoto watatu, na mke wake amebaki ng'ambo ya ziwa. Hajasikia habari zake miaka minne. Siku ya mahojiano anaulizwa kama ana mke. Anaona uchungu kueleza, tena mkalimani ni kijana wa kwao, naye anajibu kwa ufupi: "Sina." Ofisa anaandika kwamba hana mke. Anasafiri na watoto. Mwaka wa pili huko Winnipeg anapigiwa simu: mama watoto yu hai, yuko Bujumbura. Baba anakwenda kwa furaha kujaza fomu za kumleta, na jibu linalorudi ni kwamba mwanamke huyo hayumo katika familia yake. Angesema maneno machache tu, "Ninaye, sijui aliko," mambo yangekuwa mengine.

Mwaka 2019 Kanada ilianzisha utaratibu wa muda wa kuwasaidia baadhi ya watu walioachwa nje kwa njia hii, wakiwamo wa familia za wakimbizi waliopelekwa huko, na baadaye ukaongezwa muda. Huo ni utaratibu wa muda, una masharti, na unaweza kufungwa. Asiwepo mtu wa kuficha jina leo kwa kuutegemea.

Nani hasa ni mtu wa familia kwa sheria ya Kanada? Ni mke au mume, ama mwenzi ambaye mmeishi pamoja kama mume na mke mwaka mmoja au zaidi. Hapa ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa popote isiwatie aibu: hata kama mahari haijakwisha, mmeishi pamoja, semeni hivyo. Halafu ni mtoto wa kumzaa au wa kuasili kisheria ambaye hajafika miaka 22, hana mke wala mume. Aliyezidi umri huo huhesabiwa tu kama ulemavu au maradhi yanamfanya amtegemee mzazi. Mtoto wa mtoto wako naye huhesabiwa, kama mzazi wake bado anakutegemea. Umri unaotazamwa ni ule wa tarehe fulani mwanzoni mwa maombi, si siku ya kupanda ndege. Kwa hiyo usimfute kijana wa miaka 23 kwa kudhani ameshapitwa. Mwandike, ofisa ahesabu mwenyewe.

Kuna jambo la tarehe ambalo linaonekana dogo. Wengi wenu mliandikishwa kuwa mmezaliwa Januari 1, kwa sababu siku ile hapakuwa na karatasi wala nafasi ya kukumbuka. Kwa mtu mzima haina taabu kubwa. Kwa kijana aliye karibu na miaka 22, miezi michache ya makosa inaweza kumtoa katika familia. Kama una kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule chenye tarehe ya kweli, kilete sasa.

WANAOFICHWA, NA KWA NINI

Tumesikia sababu nyingi za kuficha. Hatuwahukumu wanaozitoa, lakini ni lazima tuseme kila moja inafikia wapi.

Iliyo ya kawaida ni ile ya mama kusema hana mume, akiwa amesikia kwamba wanawake walio peke yao hutazamwa kwanza. Ni kweli kwamba mwanamke aliye hatarini anaweza kupendekezwa kwa sababu hiyo. Lakini hatari hiyo huulizwa kwa kina, na mume aliyefichwa nyumba ya tatu hujulikana na jirani, na kadi ya posho ya zamani humtaja. Ikigundulika mapema, kesi husimama. Isipogundulika, mume huyo ndiye atakayebaki nje ya kipengele tulichokieleza. Mama atakuwa amepata ukaazi na kupoteza ndoa kwa neno lake mwenyewe.

Wengine huficha mtoto wa nje kwa kuogopa mwenzi wa ndani. Hili tunalielewa. Omba kuonana na ofisa peke yako, au omba mkalimani mwingine. Unayo haki hiyo. Unaweza kueleza kwamba hutaki jambo hilo litajwe mbele ya mwenzako, na mtashauriana namna ya kuliandika. Usiliache mpaka siku ya kusaini.

Kwa wenye wake wawili au zaidi, Kanada hukubali mwenzi mmoja tu. Habari hiyo huwafanya wanaume wengine wamtoe mke wa pili pamoja na watoto wake, kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Watoto hawamo katika katazo hilo. Mtoto wako uliyezaa na mke wa pili ni mtoto wako, naye huandikwa kama wengine. Wake wenyewe wapewe ushauri, kila mmoja peke yake, kabla mume hajaamua kwa niaba yao. Mara nyingi mke wa pili huja kujua kwamba ameachwa siku magari ya safari yanapofika.

Upande wa pili wako wanaoongeza majina. Nafasi ya mtoto aliyekufa hupewa mtoto wa jirani, au kijana wa mtu mwenye fedha huandikwa kama wa kuzaliwa. Pale ushahidi unapokosekana ofisa anaweza kutaka kipimo cha vinasaba, na damu haiwezi kufundishwa majibu. Anayekutwa amedanganya katika jambo la maana anaweza kuzuiwa kuomba kwa miaka mitano, na aliyekwisha fika anaweza kunyang'anywa ukaazi. Pia kila nafasi iliyouzwa ilikuwa ya mtu aliyebaki.

Yatima mnaowalea ni habari nyingine kabisa, na hapa watu wema ndio wanaoponzwa na wema wao. Unamlea mtoto wa marehemu dada yako tangu akiwa mchanga, anakuita mama, na unaona ni uchungu kumwita mtoto wa ndugu. Kwa hiyo unamwandika kuwa umemzaa. Usifanye hivyo. Sema ni mtoto wa dada, mama yake alifariki, anaishi nami, hana mwingine. Mtoto huyu hahesabiwi katika familia kwa maana tuliyoitaja juu, lakini sharti aonekane katika faili tangu mwanzo, maana anaweza kutazamwa pamoja na nyumba yenu kama mkimbizi kwa haki yake mwenyewe. Hali kadhalika mzee anayekutegemea kwa chakula na makazi. Jambo la watoto hawa huchukua muda mrefu, kwani lazima ijulikane kama baba au ndugu wengine wako hai na wanasema nini. Ndiyo sababu ya kuanza mapema.

NAFASI YA MWAKA MMOJA

Mke, mume au mtoto aliyetajwa lakini hakusafiri ana mlango wake. Kanada huruhusu maombi yake yapelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu mkuu wa kesi alipofika, naye huchukuliwa kama mkimbizi wa familia ile ile bila kuanza upya. Mwaka huo ni wa kupeleka maombi, si wa kufika. Majibu yenyewe yanaweza kuchukua muda zaidi. Aliyeko Kanada aanze kushughulika wiki za kwanza, kabla baridi, kazi na shule havijamla mawazo. Ukipita mwaka, bado anaweza kuomba kuidhamini familia kwa njia ya kawaida, lakini hiyo ina ada, na tena haifai kitu kwa asiyetajwa.

Mtoto mliyemlea ambaye si wa kumzaa wala wa kuasili hapiti mlango huu. Ndiyo maana tunasisitiza aanze safari ya karatasi pamoja nanyi, asiachwe "atafuata."

BAINA YA MAHOJIANO NA NDEGE

Kati ya mahojiano na safari inaweza kupita miaka. Katika muda huo watu huoa, huzaa, huachana na hufa. Kila badiliko lifikishwe ofisini kabla ya kuondoka. Kijana aliye katika kesi ya wazazi wake akioa kwa siri, ametoka katika kundi la watoto wanaotegemea, na safari yake iko hatarini; wazazi wengi hawalijui hili na wao ndio wanaoharakisha arusi kabla ya ndege. Binti akijifungua, mtoto huyo aongezwe. Ni kweli kwamba badiliko huchelewesha kesi. Tumeona familia zikificha mtoto mchanga kwa bibi ili zisikose ndege. Ndege nyingine huja, ingawa huchelewa.

Hata ukifika uwanja wa ndege wa Kanada, ofisa huuliza kwa mara ya mwisho kama hali ya ndoa na watoto imebadilika. Hilo ndilo swali la mwisho kabla ya ukaazi kuthibitishwa. Kama kuna jina halijatajwa, litaje hapo hapo, hata ukiona haya, hata ukiogopa kurudishwa nyuma.

Karatasi zinazosaidia ni zile za kawaida: karatasi ya usajili wa familia, kadi za posho za zamani, tangazo la kizazi linalotolewa hospitali mtoto anapozaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya ndoa vya serikali, kanisa au msikiti, barua na picha. Asiyekuwa na karatasi anaweza kutoa maelezo ya kiapo, na majina ya watu wanaomfahamu tangu nyumbani. Angalieni pia maandishi ya majina. Mtu aliyeandikwa kwa Kifaransa Uvira, kwa Kiswahili Kigoma, na kwa masikio ya karani siku ya mvua, anaweza kuwa na majina matatu. Orodhesheni yote, mseme ni mtu mmoja.

BAADA YA KUFIKA

Masharti ya kubaki na ukaazi si mengi. Katika kila miaka mitano mkaazi awe amekaa ndani ya Kanada siku 730, yaani miaka miwili, si lazima mfululizo. Kosa kubwa la jinai linaweza kumtoa. Nalo ni pana kuliko watu wanavyodhani, kwani tangu Desemba 2018 hata kuendesha gari ukiwa umelewa huingia katika makosa makubwa.

Linalowanasa wakimbizi hasa ni pasipoti ya nyumbani. Tangu Desemba 2012, mkimbizi ambaye bado hajawa raia anaweza kupoteza ukimbizi na ukaazi wake kwa pamoja, ikionekana amejirudisha chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Kuchukua pasipoti ya Kongo na kwenda nayo Bukavu kumzika mzazi, jambo ambalo kila mtu mwenye moyo angelitaka, kunaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa kujirudisha huko. Kanada hutoa hati ya kusafiria ya mkimbizi, isiyofaa kwa nchi uliyoikimbia lakini inayofaa kwa nchi nyingine, kama nchi husika itatoa viza. Wenye ndugu huko wawaambie: pumzikeni na pasipoti ya nyumbani mpaka mpate uraia.

Uraia huombwa baada ya kukaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano. Wenye umri kati ya miaka 18 na 54 huonyesha kwamba wanajua Kiingereza au Kifaransa na hufanya mtihani kuhusu nchi. Wazee wa miaka 55 na zaidi husamehewa mambo hayo mawili, habari ambayo huwapa nafuu mababu wengi.

NCHI NYINGINE KWA UFUPI

Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi kuanzia Januari 27, 2025. Mtu akikuahidi safari ya huko, uliza ofisini kabla ya kuuza kuku. Kwa walioko huko tayari, ukaazi wa kudumu hauji wenyewe kama Kanada: sheria inamtaka mkimbizi auombe baada ya mwaka mmoja tangu aingie. Maombi ya kumwita mke, mume au mtoto kama mkimbizi hufanywa ndani ya miaka miwili ya kufika. Australia humpa mkimbizi anayetoka kambini viza ya kudumu tangu siku ya kwanza. Nayo pia inataka watu wa familia wawe wametajwa kabla viza haijatolewa.

Msisahau pia kwamba ukaazi wa kudumu si lazima uwe wa ng'ambo. Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vyao vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Huo ulikuwa uamuzi wa serikali kwa kundi moja lililokaa zaidi ya miaka 40. Si utaratibu ambao mtu anaweza kuuomba leo kambini, tunautaja kwa sababu tunaulizwa.

KAMA ULISHAANDIKISHA VIBAYA

Nenda kusahihisha kabla ya mahojiano, usingoje uulizwe. Utaulizwa kwa nini ulisema vingine, na jibu la kweli ndilo linalofaa, hata kama ni hofu, aibu au ushauri mbaya wa mtu. Kesi inaweza kuchelewa, na kama ilitegemea uongo huo inaweza kusimama. Lakini ofisa anayeletewa ukweli na mwenyewe huupokea tofauti na anayeukuta akipekua.

Ukienda kwenye dawati la usajili, chukua karatasi ya usajili wa familia, kadi ya posho na karatasi yoyote yenye jina la mtu unayetaka kumwandikisha. Kama mtu huyo yuko kambini, nenda naye. Kama yuko mbali, andika jina lake kamili, majina ya wazazi wake, mwaka aliozaliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho na namba ya simu ya mtu anayeweza kumfikia. Omba uone jinsi jina lilivyoandikwa kwenye mashine kabla hujaondoka mezani, na kama hujui kusoma, mwombe karani akusomee kwa sauti, jina kwa jina.